Kompyuta ya sebuleni na vumbi la Dodoma

Mhariri,

Wanaojiundia kompyuta ndogo ya sebuleni hapa Dodoma huhangaikia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, vumbi wakalisahau. Prosesa ya Ryzen 5 5600G, yenye kitengo cha picha ndani yake, yatosha kwa filamu na kwa michezo ya PlayStation 2 kupitia programu inayoiga mashine hiyo. Ila nunua RAM (kumbukumbu ya muda) mbili za GB 8, si moja ya GB 16. Ikiwa moja, njia ya data hubaki nusu na picha hukwama. Feni ya prosesa ipimwe kimo kwanza, la sivyo kasha la kompyuta halifungiki.

Sasa vumbi. Feni zinazoingiza hewa zizidi zinazotoa, tena ziwe na chujio. Zinazotoa zikizidi, kasha hufyonza vumbi kupitia kila upenyo. Kiangazi, osha chujio kila wiki mbili. Na kuificha kompyuta ndani ya kabati la runinga, hapana, hata kama sebule inapendeza.

Fundi kompyuta,
Nkuhungu, Dodoma