Niendelee kuwa kocha wa mwanangu?

Mpendwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ili nipate ushauri wa wasomaji wenzangu, hasa wale wenye watoto wanaocheza michezo ambayo sisi wazazi hatukukulia. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi na familia yangu Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, na ni kocha wa kujitolea wa timu ya besiboli ya watoto wa miaka 11 na 12, ambamo mwanangu wa pili naye anacheza. Kazi hiyo niliipata kwa sababu hakuna mzazi mwingine aliyekuwa tayari kuishika. Mchezo wenyewe nimejifunza ukubwani, jambo ambalo baadhi ya wazazi hawachoki kunikumbusha.

Tatizo limeanzia kwenye nafasi ya mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, ambayo kila mtoto anaitaka. Kanuni za Little League, shirika la besiboli ya watoto, tunazozifuata haziruhusu mtoto wa umri huu kurusha zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akifikisha 66 lazima apumzike siku nne kabla ya kurusha tena, ili kulinda kiwiko na bega ambavyo bado vinakua. Kwa kuwa tunacheza Jumanne na Jumamosi, aliyerusha sana siku moja hawezi kurusha mechi inayofuata, kwa hiyo nalazimika kuzigawa siku hizo. Na Jumamosi ndiyo siku ya mabibi, mababu na kamera. Mwanangu ana mkono mzuri, wala silisemi hilo kwa upendeleo, kwani kocha msaidizi, ambaye ameucheza mchezo huu hadi chuo, ndiye aliyependekeza apewe Jumamosi. Hata hivyo, maneno yanayozunguka ni kwamba nimeutaka ukocha ili nimbebe mwanangu. Mzazi mmoja sasa huhesabu mipira yake kwa sauti kutoka jukwaani (nadhani anaomba nipitiwe, ifike 86).

Nilimhamishia Jumanne kwa muda ili maneno yapoe. Hayakupoa, na mtoto akaniuliza tukiwa garini amekosa nini, swali ambalo sikuwa na jibu lake la kumridhisha mtoto wa miaka 11. Tangu hapo, kocha msaidizi akimwambia ainue kiwiko, anaitikia na kukiinua. Nikimwambia mimi maneno yale yale, anainamisha uso na kuchimba udongo kwa ncha ya kiatu. Mama yake amepiga marufuku habari za besiboli mezani, uamuzi ambao niliuunga mkono, ila sasa tunakula tukisikiliza vijiko.

Mke wangu anashauri nijiuzulu. Ninachosita ni kwamba timu ikikosa kocha watoto hugawanywa katika timu nyingine, na wamo wawili wa familia moja kutoka Kongo ambao nawapitia kwa gari kila siku ya mazoezi, kwa sababu wazazi wao wako zamu ya jioni kwenye maghala. Sioni nani mwingine atakayewapitia. Kumhamishia mwanangu timu nyingine kunanipa shaka pia, kwa kuwa marafiki zake wote wako hapa, naye ataona kwamba nimewachagua watoto wa watu. Nimefikiria kumwachia kocha msaidizi maamuzi yote yanayomhusu, lakini nahofia wazazi watasema ni kiini macho.

Ningependa kusikia hasa kutoka kwa walimu waliowahi kuwafundisha watoto wao darasani, maana naona mtihani wao unafanana na wangu. Je, mliwaambiaje watoto, na mliwajibu wazazi wengine au mliwanyamazia? Usajili wa msimu ujao unafungwa mwishoni mwa mwezi, na fomu ya kocha bado ninayo.

Wako,
Baba wa mrushaji,
Columbus, Ohio