Mjadala wa Jumamosi: mamluki na chipu

Wadau habari zenu, Jumamosi saa mbili usiku tunaanza na mamluki, mnamkumbuka yule Mtanzania mwenzetu alikuwa anasoma Urusi, akafungwa, akaahidiwa msamaha akienda vitani na Wagner, lile kundi la mamluki la Urusi, akafia Ukraine Oktoba 2022, serikali ikathibitisha Januari 2023, yani mtu kaenda kusoma karudi kwenye jeneza, inauma sana. Afu muda ukibaki tunaingia kwenye chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha simu na kompyuta, maana droni na makombora bila chipu ni chuma tu, na zile za kisasa kabisa nyingi zinatoka Taiwan kwa kampuni ya TSMC, mashine za kuzichorea nazo inatengeneza kampuni ya ASML ya Uholanzi peke yake. Voisi zisizidi dakika mbili jamani, na klipu za maiti msitume humu, nitamtoa mtu.