Hewa ukaa ya bati iandikwe kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba habari za hewa ukaa tuwaachie wenye viwanda, eti sisi wa Dodoma tunalima zabibu na alizeti, moshi wetu ni wa kuni tu. Mimi nauza bati hapa Majengo. Moshi wetu naujua ulipo, ila haukufuka hapa.

Tangu Serikali ihamie Dodoma, bati linalotoka sana dukani kwangu ni la msauzi, la rangi, geji 28 na 30. Linakunjwa Dar es Salaam, lakini koili yake, yaani roli la bati kabla ya kukunjwa, imeshuka na meli, mara nyingi kutoka China. Kuyeyusha tani moja ya chuma kwa makaa ya mawe hutoa takriban tani 2 za hewa ukaa. Kwa utaratibu wa Umoja wa Mataifa, kila nchi huorodhesha gesi zinazotoka ndani ya mipaka yake, kwa hiyo tani hizo mbili ni za China. Moshi wa meli iliyoleta koili haumo katika jumla ya nchi yoyote. Nyumba iko Ilazo, mwenyewe amelala chini ya paa lake, na daftari letu ni jeupe pe!

Ipo hesabu nyingine inayomwandikia mtumiaji. Mzizi wake ni kazi ya mchumi Wassily Leontief, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973: jedwali linaloonyesha kila sekta imenunua nini na kiasi gani kutoka sekta nyingine. Majedwali ya nchi nyingi yakiunganishwa kwa takwimu za biashara, unaweza kulirudisha bati nyuma hatua kwa hatua, toka paani hadi kwenye koili, tanuru, makaa na mgodi, halafu mzigo wote ukaubebesha nchi iliyoezeka. Mwaka 2009 watafiti Edgar Hertwich na Glen Peters walichapisha hesabu ya namna hiyo kwa nchi 73, kwa takwimu za mwaka 2001. Walikuta asilimia 72 ya gesijoto duniani, yaani hewa ukaa na gesi nyingine zinazoongeza joto, inatokana na matumizi ya kaya, 10 matumizi ya serikali, na 18 uwekezaji, ambamo ujenzi umo. Kwa kichwa, baadhi ya nchi za Afrika zilikuwa na kama tani 1 kwa mwaka, Luxembourg karibu 30. Hapo mwenzangu yuko sahihi, sisi ni wadogo. Lakini udogo si sifuri.

Kinachonisukuma hasa kuandika ni mradi wa chuma wa Liganga. Chuma kipo kule Ludewa, makaa ya mawe ya Mchuchuma yako jirani, na kila mwaka tunaambiwa mradi unakuja. Siku tanuru likiwashwa, gesi zinazoandikwa kwa Tanzania zitapanda, na tumeshaahidi kupunguza kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ya kuendelea kama kawaida. Tutanyooshewa vidole kwa bati lilelile ambalo leo tunaezekea bila kuulizwa. Kwa hesabu ya mtumiaji ingeonekana kwamba sehemu kubwa ya moshi huo ilikuwa yetu tangu zamani, umehama anwani tu.

Sisemi hesabu hiyo haina kasoro. Majedwali yake husoma fedha, hayabebi mizani. Wiki iliyopita wateja wawili walichukua bati za geji moja, urefu mmoja; mmoja za rangi, mwingine zile nyeupe za kawaida. Chuma ni kilekile, ila wa rangi alilipa zaidi. Jedwali litamwona wa rangi ana hewa ukaa nyingi kwa kadiri ya shilingi alizoongeza, wakati kilichoongezeka ni rangi. Kisha hesabu ile ya 2009 haikugusa ukataji wa misitu, nasi jambo letu kubwa ni hilo. Magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara ya Kondoa hayana risiti. Sijui mtakwimu gani atayakamata.

Hata hivyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko hapahapa Dodoma, na takwimu za forodha na za pato la taifa inazishika kila siku. Itoe safu mbili: gesi zilizotoka ndani ya nchi, na gesi za vitu tulivyotumia. Ianze na chuma, saruji, mafuta ya kula na mbolea, vitu vyenye karatasi za bandarini.

Nawe Mhariri, ukichapa tena orodha ya nchi zinazochafua hewa, andika pembeni kama wamehesabu kwa tanuru au kwa paa.

Muuza bati,
Majengo, Dodoma