Zile kaseti za mamako zisitupwe

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe na watoto na mzee wako? Huku Mombasa sote wazima alhamdulillahi, joto tu ndilo linatumaliza. Naandika mbio mbio maana Mwanajuma kanambia nyumba ya mamako pale Kibokoni itatiwa rangi na vitu vya zamani vyote vinatolewa nje, nikashtuka, nikamuuliza na lile sanduku la kaseti je? Ati kuna kijana ameambiwa achague vya kutupa. Rukia tafadhali piga simu leo leo, lile sanduku lisiguswe.

Najua utasema nani anasikiza kaseti siku hizi. Na ile voisi uliyonitumia, kwamba taarab ya zamani ni kulialia na mashairi ni mambo ya mtihani, imeniuma kusema kweli, wewe si umelelewa na hizo nyimbo? Mle ndani mna Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab. Watu wakisikia zile tuni za filamu za Kihindi wanaona ameiga tu, basi, lakini hebu tega sikio kwa maneno. Aliyemtungia nyingi ni mshairi Ahmad Nassir, jamaa yake, yule yule wa Malenga wa Mvita, kile kitabu cha mashairi cha 1971. Yaani hapa kwetu vitabu vya mashairi na kaseti zilitoka kwa watu wale wale, na mama zetu ambao hawakufungua kitabu wakajua beti nzima nzima kwa moyo. Mamako akikuna nazi huku anaimba, akifika penye fumbo anasimamisha mkono, "hapo mumefahamu?", sisi hatujafahamu kitu, ndipo atueleze. Mimi ushairi nimesomea pale, shuleni tulihesabu mizani mpaka utamu ukaisha.

Halafu kuna kile kitabu, Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla kafungwa 1969 mpaka 1972 kwa ajili ya karatasi ya kuuliza Kenya twendapi, mashairi akayaandika huko huko jela, kitabu kikatoka 1973, tena kwa Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa. Mtu akwambie hicho ni kitu cha mtihani! Lile shairi lake la mnazi, ndugu wawili wanagombania mti, nimelisoma na binti yangu, mimi niko chini yeye ndiye aliye juu mnazini, mara nikamuona kapanda kiti, kashika kiuno, ananijibu kwa hasira za kweli na hashuki ng'o. Na huyo ndiye asiyeachana na simu. Ukilisoma kimya kimya peke yako hutapata ule moto.

Sio kwamba vya sasa sivipendi. Nyota Ndogo nampenda sana, wimbo wake Watu na Viatu ni maneno ya mtaani matupu na yanaingia, na bongo flava harusini nacheza kama wengine. Kinachonichosha ni zile nyimbo maneno matatu yanarudiwa mpaka mwisho, spika zinapasua masikio, na ukitoka pale huna hata mstari mmoja wa kwenda kuuwazia nyumbani. Mipasho nayo, hii taarab ya siku hizi, inamtukana mtu wazi wazi, sasa fumbo liko wapi?

Ndio maana nalilia lile sanduku. Bhalo aliacha kuimba 2007, akafariki 2014, na si kila alichoimba utakipata YouTube. Ile kaseti ya harusi ya dadako, yenye mwandiko wa mamako kwa wino wa kijani na kifuniko kimepasuka pembeni, iko wapi nyengine? Ndani yake mna vigelegele vya kina bibi ambao nusu yao wameshatangulia. Kama utepe umelegea tutauzungusha na kalamu ya biki kama zamani, na kuna fundi Majengo bado ana deki nzima, atatutilia kwenye fleshi, gharama niachie mimi.

Sasa nijibu. Umeshampigia mamako? Nani ana ufunguo wa kile chumba cha nyuma, ni kakako au yule mpangaji? Naweza kwenda kulichukua mwenyewe Jumamosi au mpaka uwepo? Na riwaya ya Gurnah, Peponi, ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, umeimaliza au bado? Na mbona hujasema lolote kuhusu safari ya Disemba, mwaja au hamuji?

Wako,
Fatma