Majani yanabadilika rangi, tokeni nje jamani

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote.

Naomba nafasi niongee na ndugu zetu tunaoishi huku kaskazini mashariki mwa Marekani, maana kila mwaka kibaridi kikianza tu Septemba sisi tunajifungia ndani, kazini nyumbani, nyumbani kazini, na huku watu wanapanda ndege kutoka mbali kuja kuangalia kitu ambacho ukitoka Boston ni masaa mawili na kitu tu kwa gari.

Nasemea majani ya miti yanavyobadilika rangi kwenye milima ya White Mountains, kule jimbo la New Hampshire. Kuna barabara inaitwa Kancamagus, inaanzia Lincoln mpaka Conway, maili kama 34 hivi, inakatiza msitu wa taifa na njiani hakuna sheli hata moja kwahiyo jaza tenki kabla hujaingia. Mwanzoni mwa Oktoba pale ni balaa, mepo (ile miti yenye jani la bendera ya Kanada) nyekundu na machungwa, mingine njano tupu, alafu misonobari imebaki kijani katikati yao ndo inazidisha ule wekundu. Msipite tu na gari mkipiga picha dirishani, shukeni, kuna maporomoko ya maji ya Sabbaday, njia yake fupi hata mtoto anafika.

Na watoto watauliza, waambieni. Njano ilikuwepo kwenye jani muda wote ila imefunikwa na ukijani, siku zikifupika mti unaacha kutengeneza ukijani basi njano inatokeza. Nyekundu sio hivyo, ile inatengenezwa wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, ndo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha rangi inakuwa kali zaidi.

Ushauri wangu mkubwa, epukeni ile wikendi ndefu ya Jumatatu ya pili ya Oktoba, foleni yake inachosha. Wengi wetu tunafanya shifti, tunahudumia wazee, ofu zetu zinaangukia Jumanne au Jumatano, hiyo ni bahati, itumieni.

Na nyie mlioko nyumbani msidhani hili ni la huku tu. Miombo ya Tabora na Katavi, Septemba na Oktoba kabla mvua haijaanza, inachipua majani mapya mekundu, yaani huku nyekundu ni jani linaloaga na kule ni jani linalozaliwa, na watu wanapita na basi pazia limefungwa! Mhariri, kurasa zenu za utalii ni simba na fukwe kila wiki, tafadhali Oktoba hii mtume mpiga picha Tabora, na picha zitoke kwa rangi, ukurasa mzima.

Mtanzania, Massachusetts