Kabla ya kuhesabu bunduki Kivu

Mhariri,

Wengi wanaoandika kuhusu M23, kundi la waasi la mashariki mwa Kongo, huanzia Aprili 2012, uasi wake ulipoanza. Wamechelewa. Kasoro imo katika namna Vita vya Pili vya Kongo (1998–2003) vilivyomalizwa.

Mpango wa kwanza wa kuwaingiza wapiganaji katika jeshi la taifa, brassage (Kifaransa, “kuchanganya”), ulikuwa na mantiki: mpiganaji anasalimisha silaha, anachagua maisha ya kiraia au jeshi, akichagua jeshi, kikosi chake kinavunjwa, anachanganywa na mahasimu wa jana, kisha anapelekwa mbali. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito, maana humtenganisha kamanda na vijana wake, migodi, na vizuizi vya barabarani anavyotozea ushuru.

Mwaka 2007 hatua hiyo iliachwa. Wapiganaji wa CNDP, kundi la waasi la Laurent Nkunda, walichanganywa na askari wa serikali lakini wakabaki Kivu Kaskazini. Mpango ukavunjika mwaka huohuo. Makubaliano ya serikali na CNDP ya Machi 23, 2009 yalirudia yaleyale: vyeo vikagawiwa, amri za pembeni za makamanda wa zamani zikaendelea. Wapiganaji hao walipoasi walijiita M23, kwa tarehe hiyo, na Novemba 20, 2012 wakaingia Goma.

Vikundi vya Mai-Mai, wanamgambo wa kienyeji, navyo vilijifunza kwamba uasi hulipa cheo.

Kwa hiyo, ripoti ya bunduki zilizokusanywa (nyingi huwa mbovu, nzuri hufichwa) haituambii mengi. Waandishi wenu waulize: waliojisalimisha wamepangwa wapi, chini ya nani, mshahara wao unapitia mikononi mwa nani, na ushuru wa kizuizi anachukua nani?

Msomaji wenu