Kwa mdogo wangu unayekwenda Vigan: usiuanze mji kwa barabara yake maarufu

Mdogo wangu mpenzi,

Nimesikia umeshakata tiketi ya Doha hadi Manila, na kwamba wenzako wa kazini, wale Wafilipino, wamekusisitizia usirudi bila kuiona Vigan. Hawajakudanganya. Ila najua walichokuonyesha kwenye simu: Calle Crisologo, barabara ya mawe, farasi, taa za manjano. Wageni wengi hushuka kwenye basi, huipiga picha barabara hiyo, hula empanada moja, sambusa ya huko, kisha hao wameondoka kabla jua halijatua. Wewe ulale huko siku mbili, na Calle Crisologo uitembee ukiwa umeshaingia ndani ya nyumba mbili tatu. Ukianza nayo utaona kuta nzuri tu.

Kwanza safari yenyewe. Vigan ni makao makuu ya mkoa wa Ilocos Sur, pwani ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Luzon, kilomita 400 hivi kutoka Manila. Mabasi ya moja kwa moja huondoka Cubao, upande wa Quezon City, na hutumia saa nane hadi kumi. Chukua la usiku, la kati ya saa tatu na saa nne, ufike alfajiri. Foleni za Manila hazina huruma, kwa hiyo kati ya ndege yako kutua na basi kuondoka acha angalau saa nne. Ndani ya basi kiyoyozi hupigwa kama wanasafirisha samaki. Vaa soksi na uwe na shuka mkononi, si kwenye begi lililowekwa buti. Wiki ya Pasaka na siku zinazozunguka tarehe 1 Novemba, Wafilipino hurudi makwao kwa pamoja na viti huisha mapema. Asiyetaka basi huruka hadi Laoag, kisha hushuka kusini kilomita 80 hivi kwa gari.

Kuhusu karatasi: wenye pasipoti za Tanzania na Kenya huingia Ufilipino bila viza kwa siku 30, mradi pasipoti ina miezi sita mbele na una tiketi ya kutoka. Hakikisha tena ubalozini, maana sheria hizi hubadilika. Ndani ya saa 72 kabla ya kufika unajaza fomu ya eTravel mtandaoni. Ni bure; tovuti ikikudai pesa, ujue umeingia kwa matapeli. Na kama umepita nyumbani karibuni, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Sasa mji. Mhispania Juan de Salcedo aliuanzisha mwaka 1572 kama mji wa utawala, lakini kabla yake wafanyabiashara wa Kichina walishazoea kutia nanga kwenye mito ya hapo. Dhahabu ililetwa kutoka milimani, bidhaa za China zikapelekwa huko, na mengine yakaelekea Manila kusubiri merikebu za kwenda Acapulco, Mexico. Wachina waliooa wenyeji ndio waliotajirika, na nyumba unazokwenda kuziona ni zao na za watoto wao. Mtaa wao ulijulikana kama Kasanglayan. UNESCO iliuorodhesha mji mwaka 1999, majengo 233 kwenye mitaa 25. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia mwaka mmoja baadaye, na aliyekulia karibu na nyumba zile hatashangaa Vigan: chini biashara, juu familia.

Anza na Syquia Mansion. Ilikuwa nyumba ya familia ya mke wa Elpidio Quirino, rais wa sita wa nchi hiyo. Ukiingia, usikimbilie ngazi. Simama kwanza kwenye ukumbi wa chini, wanaouita zaguan. Lango lake ni pana kwa sababu gari la farasi liliingia na kusimama humo, na vyumba vya pembeni vilikuwa maghala. Kuta za chini ni matofali ya kuchoma yaliyopakwa chokaa, nene sana, kwa ajili ya wezi, moto na unyevu. Ukipanda, kila kitu hubadilika: sakafu za mbao pana, nguzo za mbao, kuta nyepesi. Juu ya msingi mzito waliweka nyumba inayoweza kuyumba kidogo bila kuvunjika, maana ardhi ya Luzon haitulii.

Halafu tazama dirisha, kwa sababu hapo ndipo akili ya nyumba ilipo. Lina tabaka tatu. La kwanza ni vibao vya kuteleza vyenye viwanja vidogo vya mraba, na kila kiwanja kimezibwa kwa gamba jembamba la chaza. Wenyewe huliita capiz. Linapitisha mwanga wa maziwa usiochoma, na mvua haliogopi. La pili ni vibao vya mshazari vya kupitisha hewa wakati jua ni kali. La tatu liko chini, usawa wa magoti: kijidirisha chenye nguzo ndogo, kinachoitwa ventanilla. Usiku madirisha makubwa yakifungwa, hicho hubaki wazi na upepo hupita sakafuni walipolala watu. Mwombe mwangalizi akutelezeshee kibao kimoja. Usikivute mwenyewe; reli ni za mbao kavu, na gamba likipasuka fundi wa kulirudisha hapatikani kirahisi.

Ukishaielewa hiyo moja, nyumba zote za mji utazisoma kwa nje. Utaona ipi imebadilishwa capiz kwa kioo, ipi imeezekwa bati mahali pa vigae, na ipi ghorofa yake ya juu haikaliwi na mtu. Zisizokaliwa si chache. Nyumba moja hurithiwa na watu wengi walio Manila, California na huko huko Ghuba uliko wewe, na kukubaliana nani alipe seremala ni kazi. Ukaja mtetemeko wa tarehe 27 Julai 2022, wa kipimo cha 7.0, uliozuka mkoa jirani wa Abra na kupasua kuta nyingi. Ukikuta jengo limezungushiwa uzio, usiruke kwa ajili ya picha.

Kutoka hapo nenda makumbusho ya taifa, ambayo kuingia ni bure. Yana majengo yanayokaribiana, na mawili ndiyo ya kukupeleka. Moja ni nyumba alikozaliwa Padri José Burgos mwaka 1837. Wahispania walimuua Manila mwaka 1872 pamoja na mapadri wenzake wawili, na kifo hicho kiliwasha mengi. Lingine ni gereza la zamani la mkoa. Quirino, yule rais, alizaliwa humo gerezani mwaka 1890, kwa kuwa baba yake alikuwa mkuu wa gereza.

Kitu usichopaswa kukosa katika makumbusho haya ni michoro 14 ya Esteban Villanueva, ya mwaka 1821. Inasimulia uasi wa 1807. Serikali ya Kihispania iliwazuia watu kujitengenezea pombe ya miwa iitwayo basi, ikawalazimisha kununua kwenye maduka yake. Wailocano, wenyeji wa huko, wakachukua silaha, wakateremka kuelekea Vigan, wakashindwa mtoni. Itazame kwa mpangilio, kuanzia mchoro wa kwanza. Askari wamepangwa mistari kama vinyago, na angani kuna nyota yenye mkia, ile iliyoonekana kweli mwaka huo. Mbele zaidi zinafuata adhabu, na mchoraji hakuficha kitu. Watu huipita kwa dakika tano. Wewe ipe nusu saa. Kumbuka tu kwamba Jumatatu makumbusho ya taifa hufungwa. Anayefika Jumapili jioni na kuondoka Jumatatu hujikuta ameikosa, kwa hiyo panga siku zako kuanzia hapo.

Crisologo Museum ni habari nyingine. Ni nyumba ya mbunge Floro Crisologo, aliyepigwa risasi ndani ya kanisa kuu la Vigan mwezi Oktoba 1970, wakati wa ibada. Familia imeiacha nyumba na vitu vyake: picha, magazeti, nguo za siku ile. Inabana na ina vumbi, lakini inakuonyesha siasa za mkoa zilivyokuwa zikiendeshwa. Usichanganye majina: ile barabara maarufu imepewa jina la Mena Crisologo, mwandishi wa michezo ya kuigiza.

Kanisa kuu lenyewe lilijengwa kati ya 1790 na 1800. Nje utaona mnara wa kengele umesimama peke yake, mbali kidogo na ukuta. Ardhi ikitikisika mnara ukaanguka, usiwaangukie waumini. Kwenye milango tafuta simba wa Kichina waliochongwa. Ni alama ya Wachina wa mji huu. Uwanja wa mbele, Plaza Salcedo, jioni huwa na chemchemi za maji na taa za rangi, na watoto hufurahi sana. Mimi ningekumbuka zaidi kwamba mjini humu ndimo Gabriela Silang alimonyongwa Septemba 1763, baada ya kuchukua uongozi wa uasi wa mumewe aliyeuawa.

Ng'ambo ya mto, mjini Bantay, kuna mnara wa matofali wa mwaka 1591 uliojengwa juu ya kilima kando ya kanisa. Kengele yake iliwaonya watu maadui walipoonekana. Ni miongoni mwa vilivyoumizwa mwaka 2022, kwa hiyo uliza kama wanaruhusu kupanda siku hiyo kabla hujakodi usafiri kwa ajili yake tu.

Usafiri wa kufaa huko ni kalesa, kigari cha farasi cha magurudumu mawili. Bei huwa ya kigari kizima kwa saa, si ya kichwa. Mkubaliane kabla ya kupanda: saa ngapi, vituo vipi, na kama muda wa kukusubiri unahesabiwa. Kosa la kawaida ni kusema "tuzungushe mjini," ukashtukia saa ya tatu imeanza. Panda asubuhi au baada ya saa kumi alasiri; mchana farasi anateseka na wewe unaungua. Mwendeshaji mwenye umri mwite Manong, na mama muuzaji Manang, kama unavyomwita mtu kaka au dada mkubwa kwetu. Ukimaliza sema "Agyamanak," asante kwa Kiilocano, maana Kitagalog si lugha ya nyumbani kwao. Na uwe na noti ndogo. Noti ya peso 1,000 asubuhi na mapema haina chenji popote.

Mpe Manong kituo cha Pagburnayan, kwa wafinyanzi wa mitungi inayoitwa burnay. Udongo hukandwa kwa kwato za nyati-maji anayezungushwa juu yake hadi mawe yote yatoke na ulainike. Mfinyanzi huzungusha gurudumu kwa mguu huku mikono ikipandisha ukuta wa mtungi, kisha kazi ya siku nyingi huchomwa kwa pamoja katika tanuru refu la matofali linalopanda mteremko. Moto wake ni mkali kiasi kwamba mtungi hutoka mgumu na hauvuji. Ndiyo maana siki ya miwa na ile basi ya uasi huchachushiwa humo. Usinunue mkubwa, hautafika Doha mzima.

Kitambaa cha inabel ununue kwa wafumaji, Camangaan, ambako utaona kitanda cha mfumi cha mbao kikikanyagwa. Mabanda ya Calle Crisologo huuza pia vitambaa vya kiwandani kwa jina hilo hilo. Geuza upande wa nyuma: cha mkono kina pamba nzito, na nakshi inaonekana pande zote. Ule mchoro wa miraba inayozungusha macho unaitwa binakol.

Chakula nakuambia wazi kwa sababu najua huli nguruwe. Empanada huuzwa Plaza Burgos, na inafaa kuitazama ikitengenezwa: donge la unga wa mchele husukumwa jembamba sana, huwekwa papai bichi lililokunwa, soseji ya longganisa na yai zima bichi, hukunjwa, kingo hukatwa, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta. Huliwa na siki. Longganisa ni nguruwe, na bagnet, ile nyama ya kukaanga hadi ikauke, pia. Ukiomba ya papai na yai watakupa, lakini karai ni hilo hilo. Samaki wa kuchoma na wali utapata bila shida, ila mboga za pinakbet zina mchuzi wa samaki waliochachushwa.

Sasa ndiyo Calle Crisologo. Iamkie saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla wauzaji hawajatoa meza zao. Ni nusu kilomita, hakuna gari linaloruhusiwa, na mwanga hukuta madirisha ya capiz yakiwa bado yamefungwa. Viatu viwe bapa. Mawe yakilowa ni sabuni. Ukienda kati ya Juni na Oktoba yatalowa, na kimbunga kikitangazwa mabasi husimama, basi acha siku moja ya akiba kabla ya ndege yako. Novemba hadi Februari ndiyo miezi ya raha.

Wakati wa kurudi, usipande basi la usiku. Panda la asubuhi, ushuke Santa Maria, kilomita 40 hivi kusini. Kanisa lake lipo juu ya kilima chenye ngazi ndefu za mawe, limo katika orodha ya UNESCO tangu 1993, na mnara wake nao umetengwa na jengo. Saa moja na nusu inakutosha. Kisha simama barabara kuu na usimamishe basi lolote lililoandikwa Cubao. Likiwa limejaa, ngoja linalofuata, yanapita mengi.

Ndugu yako.